Miaka Niliyojiongezea

Temeke, Jumapili, baada ya chakula cha usiku

Felista mwanangu,

Sanduku lako la safari ya kwenda kufundisha limefungwa kamba na mama yako ameketi juu yake kana kwamba litaondoka peke yake. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwachia mzigo mtu usiyemjua, amekwisha kukueleza mpaka umechoka, na kesho stesheni atakueleza tena. Mimi sitayarudia. Ninalo jambo moja tu, na sikuweza kulisema tulipokuwa tunakula, kwa sababu najua ungenijibu kwa adabu, "Ndiyo, baba," kisha ukafanya ulilokwisha kuamua. Barua hii nitaiweka chini ya maandazi katika kikapu chako, usiione kabla ya kufika Morogoro.

Alhamisi nilikuwa uani nanyoa ndevu. Ninyi wawili mlikuwa jikoni mnachambua mchele. Sikusikiliza kwa kusudi, lakini ukuta wa miti na udongo hauzuii maneno. Ulimwambia mama yako, "Nikifika Mwanza wakinipa zile karatasi za akiba, nitawaambia wasinikate hata senti. Baba anatoka kazini mwaka huu. Nisipoleta mshahara wote mtakula nini?"

Mama yako akasema, "Na mwanamke akiba ya uzeeni ya nini? Si utaolewa."

"Nikiolewa mtakula nini hapo?"

"Tutakula mahari."

Mkacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na sabuni ikanikaukia shavuni, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimekwisha kuyasikia zamani, na aliyeyasema wakati ule nilikuwa mimi.

Nitaanza na umri wangu, maana hujawahi kuisikia habari yake yote. Unajua kwamba natolewa kazini kwa kuwa nimefikisha umri. Hujui kwamba sijaufikisha.

Kijijini kwetu Unyamwezi, nilipokuwa kijana, mtoza kodi alikuja kila baada ya mavuno pamoja na karani wake na meza ya kukunja. Hakumwuliza mtu amezaliwa lini, kwa kuwa hapakuwa na maandishi. Alitazama. Kijana aliinuliwa mkono wakamtazama kwapani. Akiwa na nywele, basi ni mtu mzima, ataandikwa na atadaiwa kila mwaka mpaka afe au azeeke. Babu yako kodi yake mwenyewe ilikuwa inamshinda. Asubuhi ya siku ile aliniamsha mapema, akachukua wembe wake wa kunyolea kichwa, akaninyoa makwapa yote mawili. Kisha akanipeleka mbele ya meza akasema, "Huyu bado mtoto. Urefu huu ni wa wajomba zake." Karani alinitazama, akacheka, akaandika umri wa mtoto. Kwapa liliniwasha siku nzima.

Nikaenda shule, nikasoma mpaka madarasa ya juu ambayo wachache wa rika langu waliyafikia, kisha nikapanda gari moshi kuja huku pwani kutafuta kazi. Karani mkuu alikuwa Mgoa mmoja mpole, mwenye kikohozi. Alisoma cheti changu, akaniambia kazi ipo, lakini kijana ambaye hajafika umri fulani huingia kwa mshahara wa mwanagenzi, nusu ya mshahara wa mtu mzima. Akaniuliza mwaka wa kuzaliwa. Hapo hapo nikajiongezea miaka minne. Nikaiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa shule, nikatia saini.

Jioni ile niliandika katika shajara yangu, "Leo nimeanza kazi. Mshahara wa mtu mzima." Sikuandika kwamba nimesema uongo, kwa sababu sikuuhesabu kuwa uongo. Kwa jinsi nilivyolelewa, umri ulikuwa kitu unachompa mwenye meza, na kila meza ilikuwa na umri wake.

Miaka ile minne nimeila kama mkopo, mwanangu, na sasa mwenye mkopo amekuja. Unajua tulivyongoja waraka wa pensheni. Kwa muda mrefu sisi makarani Waafrika tulikuwa tukitoka kazini na kiinua mgongo: unapewa fedha mara moja, unashikwa mkono, unakwenda. Mwaka huu waraka umekuja ukasema kwamba karani aliyetumikia muda wa kutosha, na ambaye bado atakuwa kazini hesabu ya mwaka mpya itakapofunguliwa, atalipwa kila mwezi mpaka kufa kwake. Atakayetoka kabla ya hapo atafuata kanuni ya zamani. Niliusoma waraka ule nimesimama mbele ya ubao wa matangazo. Nikahesabu. Kwa umri ulioandikwa katika jalada langu, natoka miezi michache kabla ya siku ile. Kwa umri wangu mwenyewe, ningeingia na miaka ikabaki.

Nilikwenda ofisi inayotunza majalada. Kijana wa pale ana umri ambao wanafunzi wako wataufikia baada ya muda si mrefu, lakini alinipa kiti na akalitoa jalada bila kunisumbua.

"Mzee, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na saini?"

"Yangu."

"Sasa nimwamini nani, wewe wa zamani au wewe wa leo?"

Akaniambia niandike kwetu, pengine iko karatasi ya serikali yenye umri wangu. Nikamwandikia baba yako mdogo Kasiani, naye akaenda bomani, akasubiri siku nzima, wakamnakilia kutoka kitabu cha kodi cha zamani, na muhuri juu yake. Nilipoifungua nikajua kabla sijamaliza kusoma: ni ule umri wa wembe wa babu yako. Kijana wa majalada akaiweka karatasi ile kando ya jalada, akapiga hesabu, akaanza kutikisika mabega. Alijizuia, akashindwa.

"Unisamehe, mzee. Kwa karatasi hii, siku ulipoanza kazi hapa ulikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nikiipeleka kwa bwana mkubwa ataniuliza nani alikuwa anakufuta kamasi."

Nami nikacheka. Tulicheka pamoja, kisha akanirudishia karatasi yangu. Umri wangu wa kweli uko katikati ya karatasi mbili, na wa kuushuhudia wamekufa wote. Nilirudi mezani kwangu nikaendelea na barua za siku ile.

Mwaka wako wa kuzaliwa ni wa kweli. Ulizaliwa alfajiri, na kabla ya chai nilikuwa nimeuandika, na ndio ulioko katika cheti chako cha ubatizo na cha shule. Mtu yeyote asikushawishi kuugusa, hata kwa faida inayoonekana. Hilo nimeliweka sawa kwako, nami sijutii.

Lakini si kupoteza pensheni peke yake kulikonifikisha hapa. Ningekuwa na akiba. Ulipokuwa bado unatambaa, waliunda mfuko kwa sisi ambao hatukuwa na pensheni. Karani akikubali, anakatwa kidogo kila mwezi, na serikali inaweka fungu lake juu ya lile. Siku ya kutoka, anapewa yote pamoja. Mfuko huo ndio utakaoulizwa habari zake kesho kutwa huko Mwanza. Karani mkuu alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi sitaweza, bwana. Nina wadogo zangu nyumbani, nawalipia kodi."

Akanitazama juu ya miwani. "Wadogo zako wana mikono?"

"Wanayo."

"Basi nenda kafikiri."

Sikwenda kufikiri. Nilimwona mtu asiyejua undugu. Kichwani mwangu ilikuwako picha moja: Kasiani na Mabula wamefungwa kamba, wanapelekwa kuvunja mawe ya barabara kwa kukosa stakabadhi ya kodi, na kaka yao karani amevaa viatu Dar es Salaam. Mwaka hadi mwaka, msimu wa kodi ulipokaribia, nilipeleka fedha ya wote wawili. Kuna miaka mama yako alishona kanga moja kwa nyingine apate kufunika tumbo. Hakulalamika. Aliuliza mara moja tu kama hao shemeji zake hawalimi.

Unakumbuka likizo tuliyokwenda wote, wewe ukaogopa ng'ombe? Ng'ombe wale walikuwa wa Kasiani. Jioni moja tuliketi naye nje, nami nikasema, kwa kujisifu kidogo, kwamba angalau hakuna aliyewahi kufungwa kwa kodi katika nyumba yetu. Kisha akasema, "Kaka, kodi tulikuwa tunalipa wenyewe. Tuna asali, tuna nta, tuna karanga. Hata ile miaka ya njaa tulilipa."

Nikamwuliza, "Na fedha yangu?"

"Ya kwanza tulimwozea Mabula. Nyingine ndiyo hawa unaowaona wanakojoa hapo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Hakuona haya, wala hakuwa na sababu ya kuona haya. Alisema, "Ulikuwa unaleta kila mwaka bila kuulizwa. Tungekurudishia, ungesema tunakudharau. Na wewe hukuwahi kuuliza, kaka."

Nimeyabeba maneno yale muda mrefu. Sikuwakasirikia, na wewe usiwakasirikie; watakuja stesheni Tabora gari litakaposimama, na kuku na karanga, na watakuwa na furaha kweli. Wasalimie vizuri. Waambie mshahara wako bado hujauona, nayo ni kweli. Kilichonichosha si ng'ombe. Ni kwamba nilijinyima mimi, nikamnyima mama yako, nikatia sahihi kukataa uzee wangu mwenyewe, kwa ajili ya shida ambayo sikuwahi kuiuliza kama ipo. Niliipenda ile picha ya kamba na mawe. Ilinifanya nionekane kaka mwema.

Na wewe Alhamisi ulikuwa na picha yako. Baba na mama wameketi Temeke mbele ya sufuria tupu. Hukutuuliza.

Hebu nikuambie na yale nisiyoyajua, usije ukadhani nakupa njia iliyonyooka. Kanuni zimebadilika mbele ya macho yangu mara nyingi kuliko nguo zangu za kazi. Babu yako alitozwa kwa kibanda, na mwenye wake wawili alitozwa vibanda viwili. Mimi nimetozwa kwa kichwa, nami na tajiri wa mtaani tukalipa sawasawa. Sasa wanasema kodi itapimwa kwa kipato cha mtu. Kama mwanamke mwenye mshahara ataingizwa humo au hataingizwa, nimeuliza makarani wawili nikapata majibu mawili. Ukiambiwa ulipe, lipa, kisha stakabadhi iweke mahali ambapo hata ukiumwa mwenzako anaweza kuiona. Usipoambiwa, usijipeleke.

Habari ya ndoa nayo nimeiuliza. Kwa ilivyoandikwa leo, mwalimu wa kike akiolewa hutoka katika kazi ya kudumu, na hurudishiwa akiba yake. Fungu la serikali anapewa au hapewi, inategemea ametumikia muda gani. Mama yako ndiyo maana anasema akiba ya mwanamke ni kazi bure. Simlaumu. Lakini angalia kanuni ya pensheni: waliotutangulia walitoka bila kitu, sisi tunatoka na kiinua mgongo, watakaonifuata mwakani watalipwa kila mwezi. Huenda na hii ya ndoa ikabadilika ukiwa bado kazini, huenda isibadilike. Sijui. Ninachojua ni kwamba kila kanuni mpya niliyoiona iliwahesabia watu siku ambazo walikuwa wamekwisha kuandikwa. Asiyekuwa ameandikwa ilimpita, na hata machozi yake hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Na hata ukiolewa ukarudishiwa fungu lako tu, utaingia katika nyumba ya mume ukiwa na kitu ulichokiweka wewe. Mama yako hakuingia nacho kwangu. Ile miaka ya kanga mbili, angekuwa nacho, pengine angekuwa na sauti ya kunizuia.

Wala usidhani nakwambia ujifunge usitoe. Utatoa, umezaliwa nasi. Leta sukari ukija. Mama yako akiugua leta ya hospitali. Lakini karatasi ile moja itie saini siku ile ile watakayokupa, kabla hujauzoea mshahara mzima. Fedha ambayo hujawahi kuishika haiumi ikikatwa. Ukiingoja mwezi wa pili utakuwa umekwisha kuipangia kazi.

Sasa ninajua utasema nini, maana una kichwa cha mama yako. Utasema, "Maneno mazuri, baba, lakini bado hujaniambia mtakula nini." Ni haki yako kuuliza. Nimelifanyia kazi, na sikutaka ulisikie kabla hujapanda gari.

Alhamisi ile ile nilikwenda kwa mtani wangu Mzee Mwinyimvua, jirani yetu Mzaramo, yule ambaye nyumba yake imejaa wapangaji mpaka barazani. Unajua tunavyotaniana. Aliponiona nakuja mchana wa siku ya kazi akasema, "Mnyamwezi, leo umekosa mzigo wa kubeba?"

Nikamwambia nataka ushauri.

"Mie nikushauri wewe? Mie sikusoma. Fedha yangu nimeiweka ukutani, ikikaa tu ina mtu ndani yake ananilipa. Wewe umesoma, ukaweka yako kwenye midomo ya Wanyamwezi wenzako. Keti."

Nikaketi. Nikamweleza habari za umri wangu, zote, hata ya kwapa. Alicheka mpaka mkewe akatoka kuja kuona. Alipotulia akaacha utani, akaniuliza maswali ya mtu mwenye akili: nyumba yangu ina vyumba vingapi, kiwanja kina kibali, kiinua mgongo nitakipata lini. Kisha akasema, "Kikitoka, usinunue baiskeli. Ongeza vyumba viwili kwa nyuma, ezeka kwa madebe, makuti yatakula fedha yako kila baada ya mvua. Mpaka hapo, pangisha ulicho nacho."

Nikamwambia vyumba ninavyo viwili tu, chetu na cha binti.

Akasema, "Binti si anaondoka?"

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, naye akakasirika. Akasema hata vumbi la gari halijatulia ninampa mtu kitanda cha mtoto, na ukija likizo utalala wapi, kwa Mwinyimvua? Hatukusemezana siku mbili; pengine uliona, ukadhani ni huzuni ya safari. Jana aliniletea uji asubuhi, akasema, "Huyo mpangaji awe na mke. Sitaki kapera nyumbani kwangu." Ndivyo alivyokubali.

Basi nimepata mtu. Ni seremala, anafanya kazi karakana moja Chang'ombe, mkewe ni mjamzito, wanatoka Kisarawe. Walikuja kukitazama chumba ulipokwenda kuaga kanisani. Mwanamke yule aligusa dirisha lako, lile nililolitia bawaba mpya, akamwambia mumewe, "Huku hewa inapita." Nimepokea kodi ya mwezi wa kwanza. Wanahamia Jumatano. Kitanda chako nitakipeleka chumbani kwetu, nguo ulizoziacha mama yako ameziweka katika kikapu kikubwa, na ile picha ya darasa lenu ninaitoa ukutani mwenyewe, kwa mkono wangu, isije ikavunjika. Ukija likizo utalala na mama yako. Mimi nitatandika mkeka ukumbini, sina neno.

Sitakudanganya kwamba imekuwa rahisi. Usiku huu umelala mle ndani kwa mara ya mwisho kama kwako, wewe hujui, mimi ninajua, na nimepita mlangoni mara mbili nikijifanya natafuta kiberiti.

Lakini sasa swali lako nimelijibu. Kodi ya seremala itanunua unga na mafuta ya taa, na vyumba vya nyuma vikisimama, itanunua na nyama. Uzee wetu una mtu wa kuulipia, naye si wewe. Kwa hiyo hutakuwa na la kumwambia yule karani wa Mwanza atakapokuwekea karatasi mbele yako. Akikuuliza kama una watu nyumbani wanaokutegemea, mwambie wanao mpangaji. Kisha chukua kalamu.

Baba yako